Mistari Kumi na Mmoja Aliyokataa Kuiandika

Ofisini tulimwita Fundi, basi. Mafundi wengine walikuwapo, wa kupanda nguzo na wa kuvuta nyaya, na hao tuliwaita kwa majina yao. Yeye hakuna aliyethubutu. Hata meneja, aliyekuwa mkubwa wake wa kazi na mdogo wake kwa umri, alisema "muulize Fundi" kama watu wasemavyo muulize daktari. Nilifanya kazi naye miaka sita katika kampuni ndogo ya mtandao mjini Malindi, chumba kimoja, meza zetu zimegusana, na bado nikiulizwa alikuwa mtu wa namna gani nashindwa nianzie wapi. Nitaanza na vidole vyake.

Vilikuwa vidole vyembamba vya mtu wa sindano. Kazi ikilala, alitoa kitambaa cha kofia mkobani akashona, akihesabu matundu kimya kimya. Ukimsemesha katikati ya hesabu alinyoosha mkono kukuzuia mpaka afike mwisho wa safu. Uzi uliobaki hakuutupa. Aliufunga kwenye nyaya za mitambo: kijani kwa waya uliotoka Mombasa, mwekundu kwa ule wa mnara, buluu kwa nyaya za ndani. Kampuni ilikuwa imenunua vibandiko vya kuandikia majina ya nyaya. Vilikaa kwenye droo yake hadi gundi ikakauka. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kwa huruma.

"Karatasi hubanduka, mwanangu. Fundo halibanduki."

Kuandika hakukupenda kabisa. Alikuwa amehifadhi Kurani chuoni akiwa mtoto, na tangu hapo akawa haamini kitu kilichokaa kwenye karatasi peke yake. Namba za simu za wateja wote alikuwa nazo kichwani. Bei, anwani, siku mtambo fulani ulipofungwa na fundi aliyeufunga, vyote kichwani. Daftari langu alilicheka. "Likinyeshewa hilo na mvua, na wewe utakuwa hujui kitu," aliniambia. "Ilimu ni ya kifuani." Nami nikimjibu kwamba kifua nacho huingia maji, alicheka mpaka akafuta macho, kisha akanitania, "Nyinyi watu wa Junju mihogo mwaijua, mtandao mumeujulia wapi?" Nilimwambia kwamba Takaungu kwao hata mihogo hawaijui, wanaletewa na sisi.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Aliuunganisha mji mzima na dunia, lakini yeye mwenyewe alibeba kabambe, simu ya vitufe, na nyumbani kwake hapakuwa na mtandao. "Mimi kazi yangu ni njia," alisema. "Wapitao shauri yao." Hakukosa swala hata moja, lakini siku ya mkutano wa meneja tumbo lilimuuma kila mara, na likapona mkutano ukiisha. Kwa wakubwa alikuwa mkavu. Kwa mama aliyetuletea mahamri na mbaazi alikuwa mpole hata akamsaidia kushusha sufuria. Mwezi wa Ramadhani, yeye amefunga na mimi Mkristo naona haya kula mbele yake, yeye mwenyewe alinivutia sahani yangu. "Kula. Saumu ni yangu, njaa isiwe yako."

Usemi mmoja aliuchukia kuliko yote, nao ni mtandao umekufa. Mteja akisema hivyo kwenye simu, Fundi alikunja uso utadhani ametukaniwa mzazi. "Haujafa," alimjibu. "Sema hukujibiwa. Kufa ni mambo mengine." Kisha akaweka simu chini na kuniambia mimi, "Watu wa siku hizi wepesi wa kuzika."

Hiyo haikuwa jeuri tu. Alikuwa na maana yake, na alinifundisha wiki yangu ya kwanza. Seva yetu kubwa ilikuwa moja, lakini ilikuwa na anwani mbili. Ya kwanza tulipewa na kampuni iliyotuletea waya kutoka Mombasa, na wateja wa mjini walipitia hapo. Ya pili tulipewa na wenye mnara, nayo iliwahudumia watu wa kaskazini: ofisi za chumvi upande wa Marereni, shule mbili, na zahanati moja iliyoweka kwetu kumbukumbu za wagonjwa wake. Mimi nilikuja na cheti changu kipya nikidhani seva ikishapata anwani mbili mambo yamekwisha. Fundi akanikalisha mbele ya kioo. Maombi ya zahanati yalikuwa yanaingia, nayaona. Seva ilikuwa inayajibu, naona. Na kule Marereni muuguzi alikuwa anatazama ukurasa mtupu.

"Wadhani jibu limekwenda wapi?" akaniuliza.

"Limepotea njiani."

"Halikupotea. Limetokea mlango sio. Nyumba ya Kiswahili waijua? Ina mlango wa barazani na mlango wa uani. Sasa mimi nimekuja kwako, nimesimama barazani, napiga hodi. Wewe wanisikia. Lakini umezoea kutokea uani, basi watoka huko nyuma wapiga kelele karibu, karibu. Nani akusikie? Majirani wa nyuma watakuuliza, wamkaribisha nani, hapa hapana mgeni. Na mimi niko barazani jua lanichoma. Mwisho nitakwenda zangu, na huko nendako nitasema nyumba ile haina watu."

Ndivyo ilivyokuwa. Seva ikiachwa ilivyo hujua lango moja tu la kutokea, na yetu ilijua lango la waya. Kila jibu ililipitisha huko, hata la mtu aliyeingia kwa mnara. Wenye waya wakiona jibu lenye anwani isiyo yao, wanalitupa. Dawa yake ni kuipa seva kanuni: kilichoingia kwa anwani hii, jibu lake litokee kwa lango la anwani hii hii. Kanuni zenyewe zilikuwa mistari kumi na mmoja ya amri na namba. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa cheo chake pale ofisini.

Nieleze vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Ukiipa seva kanuni hizo kwa kuzipiga kwenye kibodi, itazishika mpaka izimwe. Ikizimwa, zimefutika. Ukitaka zidumu, sharti uziandike kwenye faili ambalo seva hulisoma kila inapoamka. Aliyesoma kazi hii analijua hilo. Fundi alilijua kabla sijazaliwa, lakini hakuliandika faili hilo.

Betri zetu za akiba zilikuwa zimechoka, na stima ya Malindi mnaijua, umeme wa kuja na kuondoka. Ikipotea zaidi ya nusu saa, seva ililala. Ikirudi, watu wa mjini walipata mtandao na wa kaskazini hawakupata, mpaka Fundi aje. Alivua kofia akaiweka juu ya mtambo, akasema Bismillahi, akafumba macho kidogo, kisha akaipiga mistari kumi na mmoja bila kutazama popote. Meneja alikuja kusimama mlangoni. Msichana wa mapokezi alikuja. Walimtazama kama watu wanaotazama maiti ikifufuliwa, na alipomaliza alisema "Tayari" akavaa kofia yake. Hakuna aliyeuliza kwa nini iwe hivyo kila mara. Walidhani mitambo ndiyo ilivyo.

Mimi niliuliza, mwaka wa kwanza.

"Nikishaiandika ni yake," akasema, akiielekezea seva kidevu. "Sasa hivi ni yangu."

Niliona ni majivuno, na nilikasirika kimoyomoyo. Baadaye, siku alipokuwa na maneno, alinisimulia kwamba huko alikotoka, kabla ya Malindi, wenzake waliombwa waandike kila wanachokijua. Waliandika wiki mbili. Walipomaliza walishukuriwa, wakakabidhiwa vyeti, wakaambiwa kwaheri. Sijui kipi kilitangulia kwake, imani ya kifuani au hofu ya cheti. Nadhani hata yeye vilikuwa vimemchanganyikia.

Kusahau kulianza na kofia. Nilimwona akifumua safu moja mara tatu kwa asubuhi moja, kila mara hesabu imemtoka. Kisha akaniita kwa jina la binti yake. Kisha akamsimulia mama wa mahamri kisa alichomsimulia jana, na mama yule, Mungu ambariki, akacheka upya mahali pale pale pa kuchekea.

Halafu ikaja siku ya namba. Stima ilirudi, tumejaa chumbani kama kawaida, naye yuko mstari wa nne. Aliandika lango la waya mahali pa lango la mnara. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na mistari ile nilikwisha kuijua, maana huwezi kuitazama miaka minne usiijue. Nilikohoa. Sikupanga, ni woga ulionikohoza. Kidole chake kikasimama. Akaurudia mstari kwa macho, akafuta, akasahihisha, akaendelea. Hakuna aliyejua ila sisi wawili.

Alasiri aliniletea mahamri mawili kwenye karatasi.

"Koo lako ni zima?" akaniuliza.

"Ni zima, Fundi."

"Basi likikuwasha tena, likuwashe kwa adabu."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu, hatukuyasema tena. Zaidi ya mwaka mzima nilikohoa. Mwanzo ilikuwa mara moja katika siku tatu nne za stima, kisha ikawa mara tatu katika kikao kimoja. Msichana wa mapokezi alinishauri nikapigwe picha ya kifua. Fundi alimuunga mkono kwa uso mkavu kabisa, akasema vumbi la mitambo ni baya. Tulicheka sana mimi na yeye baadaye, na niliporudi nyumbani nililia. Nilimpenda mzee yule. Nilikuwa nimempoteza baba nikiwa shuleni, na sikuwa tayari kuona mtu mwingine akiondoka.

Nilijua anachokitetea. Hakuwa anatetea mshahara. Watoto wake walikuwa watu wazima wenye riziki zao, na binti yake wa Takaungu alikuwa akimbembeleza arudi nyumbani apumzike. Alikuwa anataka stima ikipotea aitwe. Nami nilitaka aitwe mpaka mwenyewe achoke, aage kwa mdomo wake, watu wampigie makofi. Hilo tu ndilo nililolitaka.

Kisha shangazi yangu akafariki, nikaenda Junju matangani siku tatu. Siku ya pili stima ikapotea Malindi. Fundi alikaa mbele ya kioo peke yake, na nyuma yake hapakuwa na mtu wa kukohoa. Simu yangu ilikuwa na chaji na mtandao. Hakunipigia.

Nilirudi ofisini asubuhi ya siku ya nne, na simu ya kwanza niliyoipokea ilikuwa ya muuguzi wa zahanati. Siku moja na nusu hakuona kumbukumbu hata moja.

"Dada, nimekuwa nikiwauliza wagonjwa wenyewe wanatumia dawa gani," akasema. "Nusu yao hawajui. Mama mmoja nimemwambia arudi, na amekuja kwa miguu kutoka mbali. Sijui kama atarudi."

Fundi alikuwa mezani pake anashona. Alisikia yote. Hakuinua kichwa.

Kosa lilikuwa la namba moja. Nililisahihisha kwa mashine yangu bila kusimama kitini. Meneja akaja mlangoni. "Sasa hii kitu ilikuwa na shida gani?" akauliza. Nikamwambia stima ilikuja na nguvu nyingi ikaichanganya. Alinisadiki, na mimi nikajiona mwongo, lakini uongo wenyewe haukuniuma. Kilichoniuma ni yule mama wa zahanati.

Siku hiyo, Fundi alipokwenda kuswali adhuhuri, niliiandika mistari kumi na mmoja kwenye faili. Haikunichukua hata dakika kumi. Sikumwambia meneja, sikumwambia mtu. Mpango wangu niliuona mzuri: seva itaamka na kanuni zake sahihi, watu wa kaskazini watajibiwa, na Fundi atakuja vilevile, atavua kofia, atapiga mistari yake, atasema tayari. Akikosea, seva haitabadilika, maana nafasi ya kila mstari itakuwa imekwisha kujazwa. Zahanati itapona na heshima yake itabaki. Niliona nimeua ndege wawili kwa jiwe moja, na nilijisifu kwa akili yangu.

Nilisahau jambo ambalo mwanafunzi wa mwezi wa kwanza analijua. Seva ukiipa njia ambayo tayari inayo, hainyamazi. Inakwambia: ipo tayari.

Wiki chache zikapita. Stima ikapotea saa nne asubuhi, ikarudi saa sita. Fundi akaitwa. Kofia juu ya mtambo, Bismillahi, macho yakafumbwa. Meneja na msichana wa mapokezi mlangoni. Mimi nyuma yake na koo langu.

Akapiga mstari wa kwanza. Seva ikamjibu kwamba ipo tayari.

Aliinamia kioo akalisoma jibu. Akapiga wa pili, ikamjibu vilevile. Walio mlangoni hawakuona tofauti yoyote, kwao yote yalikuwa maandishi yanayopita. Nilidhani atasimama. Hakusimama. Aliipiga yote, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja seva ikamrudishia jibu lile lile. Mstari wa saba aliukosea, na hata huo ikamwambia nafasi yake ipo tayari, na nilishindwa kukohoa. Alipofika wa kumi na mmoja aliiamuru seva imwonyeshe kanuni zote ilizo nazo. Akazisoma kutoka juu hadi chini kwa kidole juu ya kioo, polepole. Akarudi juu akazisoma tena.

"Tayari," akasema.

"Asante sana, Fundi," meneja akajibu, na watu wakatawanyika.

Alivaa kofia. Alikusanya sindano zake na vitambaa vyake akavitia mkobani, na hakunitazama kwa hasira, afadhali angenitazama kwa hasira. "Kazi njema, mwanangu," akaniambia, kama alivyoniambia kila jioni, ila ilikuwa saa saba mchana. Kesho yake hakuja. Binti yake alipiga simu kumwambia meneja kwamba mwili wa baba umechoka. Hakukuwa na makofi. Meneja alihangaika wiki moja, akawa anaitazama stima kama mgonjwa mahututi. Ikapotea, ikarudi, seva ikaamka yenyewe, watu wa kaskazini wakajibiwa, na hakuna aliyegundua kwamba kuna kitu kilichokuwa kikifanywa na sasa hakifanywi.

Ilinichukua zaidi ya mwaka kwenda Takaungu. Kila mwisho wa wiki nilipata kisingizio. Nilipokwenda hatimaye, nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ya kumwomba radhi, nikiyarudia njia nzima. Binti yake alinipokea mlangoni, akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mara yupo, mara hayupo. Usivunjike moyo."

Alikuwa ukumbini, amekaa kwenye kiti, mikono juu ya mapaja. Mikono ilikuwa mitupu. Amekonda.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, marahaba. Karibu. Watoka wapi?"

"Malindi."

"Aa, Malindi." Uso ukachangamka. "Mimi nimefanya kazi Malindi. Ya mitambo. Wajua mitambo?"

Nikasema naijua kidogo. Maneno niliyoyapanga niliyaacha yote, maana wa kuombwa radhi ni mtu anayekujua.

"Palikuwa na msichana," akasema. "Wa Junju. Mtani wangu yule. Mimi nikikosea, yeye hukohoa. Watu wote hawajui." Akacheka kidogo, akaitazama mikono yake, nikadhani habari imemtoka. Haikumtoka. "Kisha akaiandika kazi yangu. Akaiandika yote, hakuniambia. Nikaisoma mara mbili. Natafuta kosa. Nilisema moyoni, nikipata kosa moja tu lake, nabaki, maana watakuwa bado wanihitaji. Nikasoma. Nikasoma." Alitikisa kichwa. "Hakukosea hata mahali pamoja."

Nilitaka kumwambia ni mimi. Mdomo niliufungua. Akaniinamia akanishika kifundo cha mkono, kwa upole, kama mtu anayemtuma mgeni ujumbe.

"Ukirudi Malindi utamwona?"

"Nitamwona, Fundi."

"Mwambie simlaumu." Akafikiri. "Lakini asije huku. Yule alinijua mimi mzima. Sitaki anione hivi."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai, macho yamejaa, ananitazama.

"Nitamwambia," nikamjibu.